Bibi Khadija binti Khuwaylid, Tajiri wa Makka

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tunawajia wasomaji wetu wa Voi, Taveta na miji ya pwani tukiwa na deni la darsani. Tulipokuwa tukisomesha mlango wa biashara, tulisema kwamba mwanamke mwenye mali ni bora amkabidhi mumewe aizungushe, kwa kuwa yeye haijui njia wala bei za miji. Mama mmoja nyuma ya pazia akatuuliza iwapo Bibi Khadija naye alikuwa haijui. Tukanyamaza. Haya ndiyo majibu yetu, na yamechelewa.

Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa binti wa Khuwaylid bin Asad, katika mbari tukufu za Makureshi. Tangu zama za ujahili watu walimwita Tahira, yaani aliyetakasika. Aliolewa na Abu Hala na Atiq bin Aidh, na wanavyuoni wamehitilafiana ni yupi aliyetangulia. Kisha alikaa bila mume, na wakubwa wa Makka wakamposa, akawakataa.

Makka ni bonde lisilo na kilimo. Riziki ya watu wake ilikuwa ni misafara miwili: wa majira ya baridi kwenda Yemen, na wa majira ya joto kwenda Sham. Bibi Khadija hakufuatana na misafara hiyo. Alitoa rasilmali kwa njia ya mudharaba, yaani mali ni yake, kazi ni ya msafiri, na faida hugawanywa kwa sharti walilopatana. Imepokewa kwamba mzigo wake peke yake ulikaribia kulingana na mizigo ya Makureshi wengine wote.

Aliwezaje, na njia hakuikanyaga? Kwa fahamu yetu, mwanamume aliyeshika hatamu za ngamia hutazama visima, bidhaa na bei ya soko la mbele. Aliyebaki mjini na mali yake hutazama watu: nani hurejea na hesabu kamili, nani huapa kupita kiasi, nani hudhulumu mtumishi wake. Uwezo wa kuiona fursa wanao wote wawili. Kilichotofautiana ni mahali waliposimama. Sifa ya Al-Amin ilikuwa imeenea Makka nzima, na wangapi waliisikia wakaiona ni tabia njema tu! Bibi Khadija aliiona kuwa ni rasilmali. Akampelekea habari Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya utume wake, achukue mali yake mpaka Sham, na akamwahidi ujira mkubwa kuliko aliokuwa akiwapa wengine. Akamfuatanisha na mtumishi wake Maysara, na huyo ndiye aliyekuwa jicho lake njiani. Mtume (s.a.w.) aliuza Busra, akanunua, akarejea, na bidhaa zile zilipouzwa Makka, mali ikazidi maradufu au karibu yake. Maysara akamsimulia bibi yake aliyoyaona.

Kwetu huku jambo hili si geni. Katika karne ya 19, misafara ya pembe iliyotoka Mombasa na Pangani ilikuwa ikipumzika Taveta. Wanaume mawazo yao yalikuwa kwenye pembe za bara. Na wenye ndizi na nafaka walijua kwamba mpagazi lazima ale leo. Na hapa Voi, vijana wetu huzungumza habari za malori na vito vya mawe, hali mama aliyekaa na kapu lake la mboga kutoka Wundanyi anajua ni nyumba ipi ina harusi na ni mkahawa upi haulipi. Kisha huja mume akauchukua mtaji ule bila ya ridhaa yake, akaupoteza katika jambo asilolijua, na akaita huo ni uongozi wa nyumba! Sheria yetu haikumpa haki hiyo. Mali ya mke ni ya mke.

Turejee. Nafisa, sahibu yake Bibi Khadija, ndiye aliyepeleka neno la ndoa. Mtume (s.a.w.) alikuwa na miaka 25, na yeye, kwa kauli iliyo mashuhuri, 40. Ami yake, Amr bin Asad, ndiye aliyemwozesha. Akamzalia Qasim, Abdullah, Zaynab, Ruqayya, Ummu Kulthum na Fatima.

Wahyi uliposhuka, yeye alikuwa wa kwanza kuamini. Alimpeleka mumewe kwa Waraqa bin Nawfal, na mali aliyoichuma miaka mingi akaitoa kwa hiari yake. Makureshi walipowasusia Bani Hashim kiasi cha miaka mitatu, wasiwauzie wala wasinunue kwao, tajiri yule alikaa bondeni pamoja na wenye njaa, na Hakim bin Hizam, mtoto wa ndugu yake, akawa anampelekea ngano kwa siri.

Alifariki mwaka wa kumi wa utume, kiasi cha miaka mitatu kabla ya Hijra, akazikwa Hajun. Mtume (s.a.w.) aliteremka mwenyewe kaburini mwake. Na miaka mingi baadaye, huko Madina, kila alipochinja mbuzi alikuwa akiwapelekea nyama masahibu wa Bibi Khadija.