Humphry Davy na Maji ya Chumvi

Wewe mwanafunzi wa Handeni au Korogwe, umepata kutazama uvungu wa gari lililokaa miaka mingi pwani ya Tanga? Utaona kutu nyingi, kwani chumvi huharakisha kutu. Katika nchi za baridi kali chumvi hunyunyizwa barabarani ili kuyeyusha barafu, nayo magari ya huko hudhurika vivyo hivyo.

Humphry Davy alizaliwa mwaka 1778 huko Penzance, mji wa pwani nchini Uingereza. Baba yake alipofariki, alitumwa kujifunza kazi kwa mganga, akajisomea kemia mwenyewe. Mwaka 1807 aligundua sodiamu, metali iliyomo katika chumvi.

Wakati huo matumbo ya merikebu za vita yalifunikwa kwa shaba, na bahari ikaila. Mwaka 1824 Davy alishauri shaba hiyo iunganishwe na vipande vya zinki au chuma. Vipande vikaliwa, shaba ikasalimika. Lakini, ole! Shaba inapoliwa hutoa sumu iuayo viumbe vya baharini. Sasa viliganda kwa wingi, merikebu zikapungua mwendo, na vipande vikaondolewa. Davy alihuzunika sana. Alifariki Geneva mwaka 1829.

Leo vyuma vingi vya magari, na mabati mengi ya paa, hupakwa zinki. Zinki huliwa kwanza. Chuma hubaki salama.