IBN AL-NAFIS: TABIBU ALIYEIFUATA DAMU HADI MAPAFUNI



Hebu weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Unayasikia mapigo? Sasa toka sokoni hapa Maua upande kilima kwa haraka, halafu pima tena. Mapigo yamekwenda mbio, na pumzi nayo imekuwa nzito. Vyote viwili vimepanda pamoja, na vikitulia vitatulia pamoja. Umewahi kujiuliza kwa nini? Moyo si mapafu, wala mapafu si moyo. Nani aliyeviambia vifuatane hivyo?

Vijana wetu wanaosomea fiziotherapia wanalijua jambo hili vizuri, maanake ndiyo kazi yao. Kabla mgonjwa hajafundishwa zoezi lolote, humhesabia mapigo (mtu mzima aliyetulia huwa baina ya 60 na 100 kwa dakika) na pumzi (12 hadi 20). Hutazama kifua kinavyopanda na kushuka, wakasikiliza mgongoni, wakambana kidole kwa kile kidude kinachopima oksijeni, ambacho kwa mtu mwenye afya huonyesha asilimia 95 au zaidi. Kisha humwambia atembee kwenye njia tambarare ya mita 30, aende na kurudi kwa dakika 6, wapime umbali aliofika. Mgonjwa hushangaa: mimi nina tatizo la kifua, miguu yangu inahusu nini? Inahusu, ndugu yangu, kwa sababu damu inayobeba pumzi hadi miguuni hupita kwanza moyoni, ikaenda mapafuni, ikarudi tena moyoni. Hiyo ni njia moja.

(Na wewe kijana unayetafuna miraa tangu baada ya tarawehe mpaka daku, siku ukipimwa usishangae namba zikiwa juu. Miraa hupandisha mapigo na presha. Hayo tuyaache kwa leo.)

Basi mtu wa kwanza anayejulikana kuiandika njia hiyo ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi alikuwa Muislamu, faqihi wa madhehebu ya Shafi, madhehebu yale yale yaliyoenea pwani yetu. Jina lake ni Alaa al-Din Ali ibn Abi al-Hazm al-Qarshi, lakini watu wamemzoea kwa jina la Ibn al-Nafis.

Alizaliwa upande wa Damascus, nchi ya Sham, mwanzoni mwa karne ya 13. Mjini humo kulikuwa na hospitali mashuhuri, Bimaristani ya Nuri, iliyojengwa na Sultani Nur al-Din Zengi mwaka 1154. Usidhani ilikuwa pahali pa kulaza wagonjwa tu. Ilikuwa pia chuo. Mwanafunzi alisoma kitabu, kisha akafuatana na mwalimu wake kitandani kwa mgonjwa akaone yaliyosemwa kitabuni, kama wanavyofanya wanafunzi wa leo wodini. Hapo Ibn al-Nafis alisoma kwa tabibu mkubwa wa zama zile, al-Dakhwar, aliyefariki mwaka 1230. Baadaye akahamia Cairo, na huko ndiko alikoishi sehemu kubwa ya umri wake, akafika kuwa mkuu wa matabibu wa Misri. Wakati huo huo alikuwa akisomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya. Asubuhi wagonjwa, na pengine jioni darasa la sharia. Wale wanaosema ati kijana achague moja, dini ama sayansi, sijui wangemweka wapi mtu huyu.

Sasa tuje kwenye lile jambo lenyewe.

Kwa zaidi ya miaka 1000 matabibu wote walishika mafundisho ya Galen, Mgiriki wa karne ya 2. Yeye alisema damu hutengenezwa kwenye ini, huingia upande wa kulia wa moyo, na sehemu yake hupenya moja kwa moja kwenda upande wa kushoto kupitia vitundu vidogo sana vilivyomo ndani ya ukuta wa katikati. Hivyo vitundu hakuna aliyeviona. Lakini kwa kuwa Galen kasema vipo, basi vipo! Hata Ibn Sina, bahari ya elimu, aliyefariki mwaka 1037, alifuata njia hiyo kwenye kitabu chake al-Qanun, na al-Qanun ndicho kilichokuwa kitabu cha kila tabibu, kutoka Bukhara mpaka Andalusia.

Ibn al-Nafis alikuwa na miaka 30 hivi, na kufikia mwaka 1242 alikuwa amekwisha andika sharhe ya ile sehemu ya al-Qanun inayoeleza viungo vya mwili. Sharhe, kama ujuavyo, ni kitabu cha kukifafanua kitabu cha mwingine. Mwandishi wa sharhe hutarajiwa amtetee mwenye kitabu. Yeye alipofika kwenye moyo alisimama. Akaandika kwamba ukuta ule ni mnene na umeshikana. Hauna tundu linaloonekana wala lisiloonekana. Kwa hiyo damu haiwezi kupita hapo. Sasa itafikaje upande wa pili? Akajibu: hutoka chumba cha kulia kwa mshipa mkubwa uendao mapafuni, humo mapafuni ikachanganyika na hewa, kisha ikarudi kwa mshipa mwingine hadi chumba cha kushoto.

Hakuishia hapo. Alitazama mishipa yenyewe, mmoja una ukuta mnene na mwingine mwembamba, akajiuliza hikima ya tofauti hiyo. Akaona kwamba ule mnene huruhusu kilicho laini tu kipenye, na ule mwembamba umeumbwa uwe mwepesi wa kukipokea. Basi lazima baina yao pawe na vijia vidogo vya kupitia. Vijia hivyo havionekani kwa jicho. Mtaliano Malpighi ndiye aliyeviona kwa hadubini, katika mapafu ya chura, mwaka 1661. Yaani zaidi ya miaka 400 baadaye!

Tena akaongeza kwamba moyo una vyumba viwili vikubwa, si vitatu kama alivyosema Ibn Sina, na kwamba nyama ya moyo hulishwa na mishipa iliyomo mwilini mwake wenyewe. Mishipa hiyo ndiyo inayoziba mtu akapata shambulio la moyo.

Tusimzidishie, lakini. Ibn al-Nafis hakueleza mzunguko wa damu mwili mzima. Huo ulielezwa na Mwingereza Harvey mwaka 1628. Na juu ya kupasua maiti, yeye mwenyewe ameandika kwamba sharia na huruma vilimzuia, ijapokuwa wataalamu hadi leo wanabishana kama kweli hakupata kuona moyo uliofunguliwa. Kwa maoni yangu mjadala huo haumpunguzii kitu. Aliyeyaandika yanaonyesha mtu aliyekitazama kitu kilivyo umbo lake, akauliza umbo hilo ni la kazi gani, na jibu lilipogongana na la wakubwa hakuwatukana wala hakulificha.

Watu wa wakati wake walikuwa na visa vingi juu yake. Wanasimulia kwamba akitaka kuandika huwekewa kalamu nyingi zilizochongwa tayari, akageuza uso ukutani, akaanza kuandika kutoka kichwani bila kufungua kitabu. Kalamu ikichakaa huitupa akachukua nyingine, asipoteze wakati kuichonga. Kisa kingine kinachekesha: siku moja alikuwa hamamuni anaoga. Katikati ya kuoga akatoka mpaka pale pa kuvulia nguo, akaagiza wino, kalamu na karatasi, akaandika risala nzima. Risala ya nini? Ya mapigo ya mshipa, yale yale uliyoyashika kwa vidole vyako hapo mwanzo. Alipoimaliza akarudi kumalizia kuoga.

Alianza pia kitabu kiitwacho al-Shamil, alichokikusudia kiwe majuzuu 300. Umri haukutosha, aliyoyakamilisha ni 80. Na imepokewa kwamba alikuwa akisema lau asingejua vitabu vyake vitadumu miaka 10,000 baada yake asingeviandika.

Mwaka 1284 Sultani Qalawun alikamilisha hospitali kubwa mjini Cairo, Mansuri, iliyopokea tajiri na maskini. Ibn al-Nafis aliifanyia wakfu nyumba yake na vitabu vyake vyote. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo kama dawa, kama ilivyokuwa desturi ya utabibu wa siku zile. Akakataa, akasema hataki kukutana na Mola wake na kitu hicho kikiwa tumboni mwake. Alifariki mwezi wa Dhulqaada mwaka 687, yaani Disemba 1288. Allah amrehemu.

Usichukue kisa hicho ukakitumia kukataa dawa, ndugu msomaji. Yeye alikuwa mzee aliyejua hali yake, na kilichokataliwa ni mvinyo. Fiqhi ile ile aliyoisomesha humruhusu mgonjwa kula, na neno la tabibu mwaminifu huzingatiwa. Kama nyumbani kuna mzee wa presha au moyo, mpeleke akaulize mapema nani afunge na dawa zimezwe saa ngapi. Asiache vidonge kwa kujiamulia.

Baada yake ile miaka 10,000 ilianza vibaya. Muhtasari wake wa al-Qanun ulisomwa kila mahali, lakini ule ukurasa wa moyo na mapafu ulipata wasomaji wachache. Ulaya, Servetus aliandika habari ya damu kupita mapafuni mwaka 1553, na Colombo mwaka 1559, na sifa ikawa yao. Kama ilikuwa imewafikia kutoka kwa Ibn al-Nafis ama waliigundua wenyewe, wanahistoria hawajakubaliana. Sisi tulikuwa na kitabu chetu, tukakifunga.

Aliyekifungua ni kijana. Mwaka 1924 Mmisri mmoja aitwaye Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisomea udaktari Freiburg, Ujerumani, aliuona mswada wa ile sharhe katika maktaba ya Berlin. Akausoma kwa Kiarabu chake, akaandika tasnifu yake juu yake. Walimu wake hawakujua Kiarabu na hawakuyaamini macho yao. Wakampelekea nakala Max Meyerhof, tabibu Mjerumani aliyeishi Cairo na aliyekijua Kiarabu, awaambie kama mwanafunzi huyu anasema kweli. Meyerhof akatafuta miswada mingine, akailinganisha, na katika miaka ya 1930 akaitangaza kwa dunia nzima. Alikuwa anasema kweli.