Karl Wien, Aliyeipima Barafu ya Kirinyaga kwa Picha

Msomaji mwenzangu, siku ukipanda matatu asubuhi hapa Karatina kuelekea Naro Moru, keti dirishani upande wa kulia. Utaona migomba na nguzo za stima zikikimbia nyuma mbio, nyumba za mbali zikisonga polepole, nao Mlima Kirinyaga umetulia tuli kana kwamba matatu haiendi. Mimi nilidhani ni mchezo wa macho tu. Kumbe kuna mtu aliyetumia jambo hilo hilo kuipima barafu ya mlima wetu! Jina lake ni Karl Wien.

Alizaliwa mwaka wa 1906 mjini Würzburg, Ujerumani. Babake alikuwa Wilhelm Wien, mwanafizikia aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1911 kwa utafiti kuhusu mnururisho wa joto. Karl naye alikuwa msomi, lakini moyo wake ulikuwa milimani. Mwaka wa 1928 alijiunga na msafara wa Wajerumani na Warusi kwenye milima ya Pamir, bara la Asia. Mwezi wa Agosti babake akaaga dunia huko nyumbani, mwana akiwa mbali. Tarehe 25 Septemba, Karl na wenzake wawili, Eugen Allwein na Erwin Schneider, wakafika juu ya kilele chenye mita 7,134 kilichokuja kuitwa Lenin. (Si Lenana yetu, usichanganye.)

Katika msafara huo alikuwemo Richard Finsterwalder, bingwa wa kupima milima kwa picha. Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Kamera yenye kifaa cha kupimia pembe huwekwa juu ya kisimamio cha miguu mitatu, picha ikapigwa kwenye kioo. Kisha kamera hubebwa hadi mahali pengine, na nafasi kati ya vituo hivyo viwili hupimwa sawasawa. Sasa tazama picha zote mbili. Jiwe lililo karibu limehama sana kutoka picha moja hadi nyingine, lililo mbali limehama kidogo. Ni wewe na migomba ndani ya matatu! Kutokana na huko kuhama, na hesabu za pembetatu (zile zinazotutoa jasho sisi wa kidato cha tatu), mtu hupata umbali na kimo cha jiwe. Ukirudia kwa maelfu ya mawe na mabonde, ramani inatokea. Siku hizi kompyuta hupewa picha nyingi za kamera inayotembea, nayo ikatambua umbo la mahali na hata kamera ilisimama wapi kila mara. Wakati wa Wien, ilibidi mtu apime vituo mwenyewe, kwenye baridi kali.

Mwaka wa 1934 alifika kwetu pamoja na mwanajiografia Carl Troll. Waliipima kwa picha barafu ya Lewis, ile iliyo kati ya Nelion na Lenana, ambayo maji yake huteremka hadi Mto Naro Moru.

Miaka mitatu baadaye aliongoza msafara wa kupanda Nanga Parbat, kwenye milima ya Himalaya. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Juni 1937, maporomoko ya theluji yaliifunika kambi watu wakiwa wamelala. Walikufa kumi na sita: Wajerumani saba, Wien akiwa mmoja wao, na Masherpa tisa. Nasikitika kwamba hao tisa hutajwa kwa hesabu tu, na wao pia walikuwa na watu wao nyumbani. Wien alikuwa na umri wa miaka 30.

Makala yake na Troll kuhusu barafu ya Lewis ilichapishwa mwaka wa 1949, yeye akiwa kaburini miaka kumi na miwili. Mnamo 1963 yule rafiki yake wa Pamir, Schneider, akaja kuuchora mlima upya. Halafu mwaka wa 2010 wanasayansi waliipima tena barafu ya Lewis, wakalinganisha na vipimo vya 1934. Eneo lake lilikuwa limepungua kwa asilimia 79, na barafu yote kwa ujumla kwa asilimia 90.

Wazee wetu husema zamani mlima ulikuwa mweupe kuliko sasa, nasi vijana twacheka tukidhani ni zile hadithi zao za zamani kulikuwa kuzuri. Basi siku hizi nikienda shule asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, husimama kidogo karibu na soko nikatafuta ule weupe. Inabidi nikaze macho.