Baybars: Sultani Mwenye Jina la Chui

Ramadhani ikifika tarehe 17 sote twakumbushwa Badr. Lakini tarehe 25 je? Siku kama hiyo mwaka 658 H, yaani 3 Septemba 1260, jeshi la Misri liliwashinda Wamongoli pale Ayn Jalut, Palestina. Miaka miwili tu nyuma hao Wamongoli walikuwa wameiangusha Baghdad na kumuua khalifa. Aliyeongoza kikosi cha mbele siku ile aliitwa Baybars.

Jina hili kwetu hulisikii kwenye akika yoyote. Si la Kiarabu, ni la Kituruki. Bay ni bwana au tajiri, na bars ni chui. Alipewa na watu wake Wakipchak, wafugaji wa nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, ambao wengi wao walikuwa hawajasilimu. Wamongoli walipovamia nyika hizo, kijana akauzwa utumwani hadi Sham. Yasimuliwa kuwa alikuwa na doa jeupe jichoni, hata mnunuzi mmoja akamrudisha! Mwishowe akawa askari wa Sultani wa Misri. Askari hao waliitwa mamluk, manake mtu anayemilikiwa.

Sasa hebu fikiria. Akasilimu, akasoma, akapanda cheo, na jina lake akabaki nalo. Wala halikuwa na ubaya, manake hata Asad na Haydar, majina tunayoyapenda, maana yake ni simba. Alipokuwa sultani aliongeza al-Zahir mbele, lakini chui hakumwacha. Alimchora kwenye sarafu zake, na kwenye daraja alilojenga karibu na Lydda mwaka 1273 utamwona mpaka leo, mguu mmoja juu.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Usultani aliupataje? Wiki chache baada ya Ayn Jalut, wakiwa njiani kurudi Cairo, Sultani Qutuz, aliyewaongoza wote vitani, aliuawa na makamanda wake mwenyewe, na Baybars alikuwa mmoja wao. Na alipoiteka Antiokia mwaka 1268, watu wengi sana waliuawa na wengine wakauzwa. Mtu aliyeonja utumwa! Mimi hapo hunishinda.

Mema yake pia ni makubwa. Mwaka 1261 alimsimamisha khalifa wa Bani Abbas mjini Cairo. Mwaka 1265 aliweka makadhi wakuu wanne, mmoja kwa kila madhehebu, kumbe awali wa Shafii peke yake ndiye aliyekuwa juu. Mwaka 1269 akahiji.

Na yuko mtu mmoja ambaye chui huyu hakumtisha. Imam Nawawi, ambaye Arbaini yake tumeihifadhi madrasa, alimwandikia kuwatetea watu wa Damascus juu ya mali na ardhi zao. Sultani alikasirika, lakini Imam hakurudi nyuma. Mmoja alikuwa na jeshi, mwengine kalamu tu.

Wote wawili walifariki mwaka 676 H. Baybars alizikwa Damascus, mahali palipofanywa madrasa kwa jina lake, Zahiriyya. Kiti kilirithiwa na mwanawe. Huyo alikuwa amemwita Muhammad.