Kaisari Aliyepanda Mlima Kulitazama Jua

Katika makaisari wa Rumi ni wachache waliosafiri kama Hadrian. Alizaliwa mwaka 76 baada ya Kristo, akatawala tangu mwaka 117 hata 138. Wengine walipenda kukaa mjini na kuletewa habari za nchi zao. Yeye alitaka kuziona kwa macho yake. Mara nyingi alitembea pamoja na askari, kichwa wazi, katika baridi na katika jua kali, akala chakula chao. Alipofika Uingereza, mwaka 122, aliamuru ujengwe ukuta toka bahari hata bahari, urefu wake kilometa 117 hivi.

Yapata mwaka 125, akirudi kutoka Uyunani, alipita kisiwa cha Sisilia. Huko uko Etna, mlima wa moto, ambao kimo chake siku hizi chapita mita 3,300. Kaisari akaupanda. Hakuwa na vita huko juu wala kodi ya kudai; alitaka tu kuliona jua likichomoza, kwa maana watu walisema kwamba pale laonekana lenye rangi nyingi kama upinde wa mvua.

Na tumfikirie, amesimama alfajiri juu ya majivu meusi, na mabonde yangali gizani. Kwanza bahari ya mashariki yaanza kuwa nyekundu; kisha milima ya Italia yatokea ng'ambo; kisha jua lenyewe. Ndipo kivuli cha Etna hulala juu ya Sisilia upande wa magharibi, kama hema kubwa, kikafupika kadiri jua lipandavyo. Mtu yule, ambaye neno lake lilitiiwa toka Uingereza hata Shamu, alingoja pale kama angojavyo mchungaji wa mbuzi.

Katika safari nyingine alipanda usiku mlima Kasio, karibu na Antiokia, kwa kusudi lile lile. Mvua ikanyesha, na alipokuwa akitoa sadaka radi ikapiga, ikampata mnyama wa sadaka pamoja na mtumishi aliyemshika.

Matendo yake yalikuwa mema na mabaya. Alimwagiza liwali wa Asia kwamba Wakristo wasihukumiwe kwa makelele ya watu tu, bali mshitaki athibitishe neno lake. Lakini alikusudia kuufanya Yerusalemu kuwa mji wa Kirumi, wenye jina jipya na hekalu la Jupiter. Wayahudi wakaasi, na vita vya mwaka 132 hata 135 vikaiharibu nchi yao; mwandishi mmoja wa kale ataja waliouawa zaidi ya nusu milioni.

Mwisho akaugua sana, mwili ukavimba kwa maji. Akaomba sumu, akaomba upanga, wala hakuna mtumishi aliyethubutu kumpa. Basi yeye aliyewaamuru wengi kufa hakuweza kuamuru kufa kwake mwenyewe. Akangoja, hata tarehe 10 Julai 138, akafa huko Baiae karibu na bahari.

Jua halikuja kwa amri yake, wala mauti. Nasi, tufunguapo mlango asubuhi na kuliona jua limekwisha kutoka, tukumbuke ya kuwa tumepewa bure kile ambacho Kaisari alikipandia mlima.