Askofu Hirth na Kanisa la Familia Takatifu

Apitaye katikati ya jiji la Kigali hakosi kuliona kanisa kubwa la matofali liitwalo Sainte-Famille, yaani Familia Takatifu. Lina kumbukumbu nzito: mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu walikimbilia humo, na wengi wao walitolewa wakauawa. Lakini habari yetu ni ya mwanzo wake. Misheni hiyo ilifunguliwa mwaka 1913, Kigali ikiwa bado mji mchanga wa Wajerumani na wachuuzi, na askofu wa Rwanda wakati huo alikuwa Jean-Joseph Hirth.

Hirth alizaliwa mwaka 1854 huko Alsace, jimbo ambalo Ufaransa ililipoteza kwa Ujerumani mwaka 1871. Alijiunga na Mapadri Weupe, akaja nchi za Ziwa Viktoria, akafanywa askofu mwaka 1890. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo, Buganda, naye akalazimika kukimbilia upande wa Bukoba.

Hivyo hakuwa mgeni wa mambo ya wafalme alipofika Februari 1900 kwa Mfalme Yuhi Musinga wa Rwanda. Yasimuliwa kwamba aliyewapokea siku ile hakuwa Musinga, bali mtu aliyewekwa badala yake! Wakuu wa ikulu, wasiopenda wageni karibu, waliwapa kilima cha Save, kusini.

Misheni zikaongezeka, hata ya Kigali ikafunguliwa. Walakini, kwa maoni yetu, kazi kubwa ya Hirth haikuwa ya matofali. Alishikilia kwamba Wanyarwanda wawe mapadri, na mapema, ingawa baadhi ya wamisionari wenzake waliona kwamba wakati haujafika. Vijana wakapelekwa seminari ya Rubya, ng'ambo ya mto Kagera, kusoma Kilatini miaka na miaka. Kisha seminari ikajengwa Kabgayi. Vita Kuu vilipoingia, Wabelgiji waliiteka nchi mwaka 1916, lakini masomo hayakukoma: tarehe 7 Oktoba 1917 Balthazar Gafuku na Donat Reberaho walipewa upadri, Wanyarwanda wa kwanza.

Hirth alijiuzulu mwaka 1921. Alsace ilikuwa imekwisha kurudi Ufaransa, lakini yeye hakurudi kwao. Alibaki Kabgayi mpaka alipofariki Januari 1931.