Jens Jensen: Mgeni Aliyewafundisha Wenyeji Maua Yao

Katika magazeti ya shule tumezoea kusoma habari za wapigania uhuru, wafalme na malenga. Mimi leo ningependa niwasimulie habari za mtunza bustani. Msicheke! Huyu si yule wa kukata ua na kumwagilia nyasi tu. Ni mtu aliyefutwa kazi kwa kukataa ufisadi, akagombana na matajiri, na kabla ya hayo yote akashindwa vibaya na maua yake mwenyewe. Jina lake ni Jens Jensen.

Alizaliwa tarehe 13 Septemba mwaka wa 1860 katika kijiji cha Dybbøl, nchini Denmark. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye shamba zuri, na laiti mambo yangalienda sawa, bila shaka angalirithi jembe la babake na sisi tusingalimsikia. Lakini mwaka wa 1864 vita vilizuka kati ya Denmark na Prussia. Dybbøl ndipo mahali penyewe palipopiganiwa. Kitoto Jens, ambaye hata miaka minne hakuwa ametimiza, aliona majengo ya shamba lao yakiteketezwa na askari. Baada ya vita, kijiji kikawa chini ya Wajerumani wa Prussia. Yaani alilala Mdenmark akaamka raia wa nchi nyingine bila kuhama hata hatua moja! Alipokuwa kijana alilazimika kulitumikia jeshi la haohao waliowachomea nyumba, muda wa miaka mitatu. Huko Berlin, alipopata nafasi, alikuwa akichora bustani za mji. Zilikuwa bustani za kupimwa kwa kamba na rula, maua yamepangwa kama askari kwenye gwaride. Bila shaka gwaride alikuwa ameliona la kutosha.

Mwaka wa 1884 alivuka bahari kwenda Marekani, naye tayari alikuwa na mchumba, Anne Marie Hansen. Alifanya kazi kwanza Florida, kwenye joto, kisha akaenda Iowa, na mwishowe akafika Chicago, jimbo la Illinois. Hapo akaajiriwa kuwa kibarua katika bustani za umma za upande wa magharibi wa jiji. Kibarua wa sululu na toroli, basi. Haikuchukua muda akafanywa nyapara.

Hapa ndipo hadithi inapoanza kunoga. Wakubwa wake walimruhusu apande bustani ya maua. Jensen, kama watunza bustani wote wa siku zile, akapanda maua ya kigeni, yale ya kuagizwa, yenye rangi za kuvutia macho. Yalimea, yakapendeza, watu wakayasifu. Kisha yakanyauka, yakafa.

Ni lazima niwaeleze kidogo kuhusu baridi ya Chicago, maana sisi huku tukiamka Julai tukute ukungu tunadhani tumeona baridi. Jamaa zetu wa Kinangop wanajua jinsi umande ukiganda usiku mmoja tu viazi huamka vimeungua kama vilivyopitiwa na moto. Basi Chicago si usiku mmoja. Ni miezi. Ardhi yenyewe huganda ikawa ngumu kama saruji. Tarehe 20 Januari 1985 kipimo cha joto kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Halafu kiangazi kikifika, jua huwaka la kuchoma, na pepo za kutoka mbugani hukausha kila kitu. Ua lililotoka nchi ya uvuguvugu litaishije hapo? Hata likinusurika kipupwe, kiangazi kitalimaliza.

Wengine wangaliagiza maua mengine, wakapanda tena, yakafa tena, na mishahara ikaendelea. Jensen akajiuliza swali ambalo mtoto angeliuliza: mbona kule nje ya mji mimea inastawi na hakuna anayeimwagilia? Siku za Jumapili alikuwa akipanda gari la moshi mpaka mwisho wa reli, kisha akitembea kwa miguu mbugani na misituni akitazama. Zile mbuga za nyasi za Illinois zilikuwa zimelimwa karibu zote, lakini kando ya reli na mitoni vilibaki vipande. Aliona nyasi ndefu kumpita mtu kimo. Aliona maua ya manjano na ya zambarau ambayo wakulima waliyaita magugu na kuyang'oa.

Siri ya mimea ile iko chini. Nyasi za mbuga zile huzamisha mizizi mita mbili na zaidi, kwa hiyo kiangazi hunywa maji ambayo maua ya kuagizwa hayayafikii. Kipupwe kikija, mmea hauhangaiki kupigana nacho. Majani hufa yote juu, machipukizi hubaki salama udongoni, na theluji ikianguka huwa blanketi. Tena mimea hiyo husoma saa, ikiwa mnaniruhusu kusema hivyo: siku zinapofupika hujua wakati wa kulala umefika, hata kama joto halijapungua. Mmea mgeni haujui saa ya pale. Unaendelea kuchipua mpaka baridi inaukuta ukiwa na majani mabichi. Ndiyo maana wataalamu husema haitoshi kupanda aina ya kienyeji, bali hata mbegu itoke karibu. Mti uleule mmoja ukiletwa kutoka kusini, unaweza kuamka mapema na kuuawa na baridi ya mwisho.

Mwaka wa 1888, katika pembe moja ya bustani ya Union Park, Jensen alipanda maua ya mwituni. Hayakuuzwa popote! Wenye vitalu hawakuwa nayo, kwani nani angenunua magugu? Ikabidi yeye na wenzake wachukue mkokoteni na farasi, waende msituni, wachimbe, wabebe wenyewe. Bustani ile ikaitwa Bustani ya Kimarekani. Watu wa mji walipopita walisimama. Waliyatambua maua yale, wengine tangu utotoni mwao shambani, wakafurahi kuyaona katikati ya moshi wa viwanda. Nami naona ajabu moja hapa: aliyewaonyesha ni mgeni, tena mwenye miaka minne tu nchini. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga.

Mwaka wa 1895 alifanywa msimamizi wa Humboldt Park. Sasa alikuwa mtu wa cheo, mwenye mke na watoto. Lakini bodi ya bustani ilikuwa imeoza. Kazi zilitolewa kwa kujuana, na fedha za umma zikaingia mifukoni mwa watu. Jensen alikataa kushirikiana nao. Mwaka wa 1900 wakamfuta. Tafakari, msomaji, nyumbani watu wanakungoja wale, nawe ungeweza kutia sahihi tu ukanyamaza. Aliondoka, akajitegemea kwa kuchora bustani za nyumba za watu. Mwaka wa 1905 upepo wa siasa ulibadilika, akarudishwa kuwa msimamizi mkuu wa bustani zote za magharibi. Waliomfukuza ndio waliokuwa nje sasa.

Bustani za nyumbani ndizo zilizompa nafasi ya kueleza namna ya kuchagua. Jensen hakuanza na orodha ya maua anayoyapenda mwenye nyumba. Alianza kwa kutazama kiwanja. Wapi maji hutuama, wapi mchanga, wapi kivuli, upepo wa kipupwe hutoka upande gani? Kisha hutafuta mahali pa mwituni panapofanana na hapo, na kuona kuna nini. Palipo na kivuli cha mialoni aliweka makangaga na maua madogo ya msituni ambayo huchanua mapema, kabla miti haijatoa majani. Penye jua aliacha uwanda wa nyasi na maua yake. Kati ya msitu na uwanda alipenda sana kupanda hothoni, mti mdogo wa miiba ambao matawi yake hulala ubavu ubavu. Alisema mti huo unaufuata mstari wa mbuga, kwani nchi ile ni bapa kama meza. Hakupanda mmea mmoja mmoja kama kigingi, alipanda majirani pamoja, wale wanaokaa pamoja porini. Aliwaza hata juu ya miezi ya theluji: gome la mti, matunda mekundu yanayobaki matawini, mabua makavu yenye mbegu ambazo ndege hula. Sisi tungeliita hayo uchafu tukachoma.

Na tusiseme wao tu. Mijakaranda inayopamba Nairobi kila Oktoba asili yake ni Amerika ya Kusini. Siichukii, naipenda, lakini ni wangapi kati yetu watakaotaja miti mitano ya kwao na kuitambua kwa macho?

Matajiri walimtafuta. Alimtengenezea Henry Ford, yule wa magari, bustani kubwa ya Fair Lane huko Dearborn, penye uwanda mrefu ulioelekezwa ili jua la kilele cha kiangazi lizame kwenye mwanya kati ya miti. Lakini Bi. Clara Ford alipenda mawaridi yaliyopangwa kwa mistari, na Jensen hakuwa mtu wa kusema ndiyo bibi. Wakaachana. Ukiniuliza, ukaidi wake ulizidi: nyumba ilikuwa ya mama yule, si yake.

Kwa wasio na mali alitengeneza Columbus Park, iliyokamilika mwaka wa 1920. Alichimba mto wa kutengenezwa, akaweka miamba, mahali pa watoto kuogelea, na kiduara cha mawe cha kukalia watu wakiota moto na kusimuliana hadithi, wote kiti kimoja, hakuna mkubwa wala mdogo. Mwaka wa 1913 alikuwa ameanzisha chama cha marafiki wa mandhari ya asili, kilichopigania machuguu ya mchanga ya Indiana kando ya Ziwa Michigan yasimalizwe na viwanda. Yalifanywa hifadhi ya jimbo mwaka wa 1925, na sehemu kubwa ikawa hifadhi ya taifa mwaka wa 2019.

Lipo doa nami sitalificha. Mwaka wa 1937, katika jarida la Ujerumani ya Hitler, aliandika akihusisha bustani na ukoo wa damu wa watu, kama kwamba mimea ya mahali ni ya kabila fulani. Kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa mhamiaji, maneno hayo yanashangaza, tena yanasikitisha. Ua halina kabila. Linajua udongo na baridi tu.

Mkewe alifariki mwaka wa 1934. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 75, umri ambao wazee wengine huota jua barazani, Jensen alihamia Ellison Bay, jimbo la Wisconsin, juu ya jabali linalotazama maji, akafungua shule iitwayo The Clearing. Wanafunzi walilima, wakajenga, wakaitambua mimea ya pale. Mwaka wa 1937 jengo lake kuu likaungua. Moto ulimfuata tangu Dybbøl! Likajengwa upya. Wakati huohuo kule Springfield, Illinois, watoto wa skauti walikuwa wamefukia mbegu za mialoni katika bustani aliyoichora kwa kumkumbuka Abraham Lincoln, bustani ambayo hakuweka mche mkubwa ndani yake kwa haraka. Alijua hataiona ikikomaa.

Aliaga dunia tarehe 1 Oktoba mwaka wa 1951, akiwa na umri wa miaka 91. Shule ile iliendelezwa na Mertha Fulkerson, aliyekuwa karani wake, na wanafunzi bado huenda.